Mbegu au Shamba? Namna ya Kupima Sifa Zinazorithishwa na Maharage, kwa Vikundi vya Mbegu vya Lushoto

Msimu mmoja wa masika nilichagua mashina kumi na matano ya maharage yaliyobeba maganda mengi kuliko mengine yote shambani. Nikayafunga uzi mwekundu, nikayavuna peke yake, nikaweka mbegu yake kwenye chupa kama dhahabu. Msimu uliofuata nikaipanda kwa mbwembwe, na majirani nikawaita waje waone. Wakaona maharage ya kawaida kabisa. Nilipotulia ndipo nikakumbuka kwamba karibu mashina yote yale yalikuwa upande wa chini wa shamba, mahali palipokuwa na zizi la ng'ombe zamani. Nilichokuwa nimechagua ni samadi.

Mwongozo huu ni wa kumwepusha mwenzangu na aibu ile. Unafaa kwa kikundi cha mbegu chenye watu watano au sita wanaojua kusoma na kuandika, kwa mwanafunzi anayetaka kufanya jaribio lake la kwanza, au kwa mkulima mkaidi kama mimi. Nimeuandika nikifikiria milima ya Usambara, kwa sababu huko ndiko maharage ya Tanga yaliko. Muheza na Pangani kuna joto, na shina la maharage likipata joto kali hasa usiku hupukutisha maua. Watu wa tambarare wana kunde, na karibu yote nitakayosema yanafaa kwa kunde pia.

Neno moja la kuelewa kwanza

Mashina mawili yakitofautiana, sababu ni mbili: ama asili yake ni tofauti, ama malezi yake ni tofauti. Malezi ni udongo, maji, jua, magugu na wadudu. Tukichukua tofauti zote tunazoziona kwa macho, tukauliza ni sehemu gani kati yake inatokana na asili, jibu ndilo linaloitwa urithikaji. Huandikwa kwa asilimia. Urithikaji wa 90 maana yake ukichagua kwa macho hutadanganyika sana. Urithikaji wa 20 maana yake macho yako yanaona shamba zaidi kuliko mbegu.

Angalizo: urithikaji si sifa ya maharage peke yake. Ni wa maharage yale, katika shamba lile, kwa msimu ule. Ukifanya jaribio kwa uzembe, ploti moja imepaliliwa na nyingine haijapaliliwa, urithikaji utashuka hata kama mbegu haina kosa.

Hatua ya 1: Kusanya aina

Nenda gulioni Soni, Mlalo au Lukozi, zunguka kwa wauzaji wa rejareja, kisha pita kwa akina bibi wenye mbegu za kurithi. Usiridhike na aina tatu. Tofauti za asili ndiyo mali ghafi ya kazi nzima, na ukipanda aina zinazofanana hutapata cha kuchagua hata ukipima kwa darubini. Mimi napendelea aina 15: aina 13 za wenyeji na mbili zilizotolewa na watafiti, kama Lyamungu 90 na Selian 97, ziwe za kulinganishia. Andika kila moja umeipata wapi, aliyekupa anaiitaje, na kwa nini anaipenda. Hilo la mwisho msilidharau. Aina inayoiva haraka jikoni itapendwa hata ikizaa kidogo.

Mbegu za wenyeji mara nyingi ni mchanganyiko. Mimina kwenye ungo, tenganisha kwa rangi, umbo na ukubwa, na kila kundi lipewe namba yake. Maharage yenye asili ya milima ya Andes huwa na punje kubwa, na yale yenye asili ya Amerika ya Kati huwa na punje ndogo, kwa hiyo ungo mmoja waweza kukupa koo mbili zilizoachana maelfu ya miaka iliyopita.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Wakulima tumezoea kuchambua punje kubwa kubwa ziwe za mbegu, ndogo ziende chunguni. Je, kuna faida? Mdenmark mmoja, Wilhelm Johannsen, aliuliza swali hilohilo kwa maharage yaleyale tunayokula, na majibu yake aliyatoa mwaka 1903. Alichukua maharage ya mchanganyiko, akaanzisha koo 19, kila ukoo ukitokana na punje moja. Koo zilitofautiana sana kwa uzito wa punje. Lakini ndani ya ukoo mmoja alipopanda punje kubwa na punje ndogo, watoto wao walikuwa na uzito karibu sawa. Punje ndogo ilikuwa ndogo kwa sababu ya nafasi yake kwenye ganda au njaa ya shina, wala si kwa asili. Mwaka 1909 mtu huyo ndiye aliyetupatia maneno jeni, jenotaipu (asili ya kiumbe) na fenotaipu (kinachoonekana kwa macho).

Siri ni kwamba ua la maharage hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka vizuri. Kuchavushana na jirani hutokea, lakini kwa nadra. Kwa hiyo ukoo ukishakuwa safi unabaki safi. Kuchagua ndani ya mchanganyiko kunalipa. Kuchagua ndani ya ukoo safi ni kupoteza jioni yako, isipokuwa unaondoa punje zenye ugonjwa, na hilo ni jambo jingine.

Tenga pia aina zinazotambaa na zile za kichaka. Zikipandwa bega kwa bega, yenye kutambaa itaifunika jirani yake, na utapima kivuli ukidhani unapima mbegu. Fanya majaribio mawili, au chagua kundi moja.

Hatua ya 2: Chora shamba kabla ya kushika jembe

Kwa kila aina unahitaji ploti tatu, kila moja kwenye bloku yake. Bloku ni kipande cha ardhi kinachofanana ndani yake. Lushoto ardhi imeinama, rutuba huteremka na mvua, kwa hiyo bloku lazima ilale kukingama mteremko. Kama shamba lina ngazi, bloku moja iwe kwenye ngazi moja. Aina zote 15 zikae kwenye ngazi ya juu, zote tena ya kati, zote tena ya chini. Hapo rutuba ya chini haimpendelei mtu. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kupanga bloku zikishuka na mlima, ncha moja kileleni na nyingine bondeni. Hiyo ni kazi bure.

Uliza pia shamba lilikuwa na nini msimu uliopita. Huku kwetu watu wanalima kabichi na karoti kwa mbolea nyingi, na mabaki yake hukaa ardhini. Nusu ya bloku ikiwa imetoka kabichi na nusu imetoka mahindi, tafuta mahali pengine.

Ploti yangu huwa na mistari minne ya mita 3, mstari kwa mstari sentimita 50, shina kwa shina sentimita 10, punje moja kila shimo. Ni mita 2 kwa 3. Ploti 15 zikipangwa ubavu kwa ubavu zinakula mita 30. Bloku tatu na njia mbili za mita moja zinahitaji kama mita 30 kwa 11, na ongeza mistari ya maharage yoyote kuzunguka pembezoni ili mbuzi na upepo vianze na hayo. Mbegu: punje 120 kwa ploti, 360 kwa aina. Aina yenye gramu 40 kwa punje 100 itahitaji gramu 144, weka 200 kwa usalama. Kama ngazi yako haifiki mita 30, punguza aina. Usipunguze bloku.

Kupanga aina ipi ikae wapi, tumia karatasi na kofia. Andika namba 1 hadi 15, zikunje, mtoto achote moja moja. Rudia upya kwa kila bloku. Mtu akikwambia "hii nzuri tuiweke mbele wageni waione", mkatalie kwa adabu.

Hatua ya 3: Panda na tunza

Panda siku moja yote, mvua za masika zikishashika. Ikishindikana kumaliza, maliza bloku nzima, nyingine iendelee kesho. Kanuni hiyohiyo kwa palizi na dawa. Kama wenzako kijijini wanapanda maharage ndani ya mahindi, na wewe panda ndani ya mahindi, maana aina inayoshinda peke yake si lazima ishinde kivulini.

Vibao viwe vya mbao, maandishi ya penseli. Wino wa kalamu hunyeshewa. Bado weka ramani ya shamba kwenye daftari mbili, nyumba mbili tofauti.

Hatua ya 4: Pima

Siku za kutoa maua: hesabu tangu kupanda hadi nusu ya mashina ya ploti yawe na angalau ua moja. Siku za kukomaa vilevile, pale maganda mengi yanapogeuka rangi na kukauka. Kwa sifa hizo angalia ploti nzima, pita kila baada ya siku mbili.

Kwa maganda kwa shina na punje kwa ganda unahitaji mashina kumi ya kila ploti, yote kutoka mistari miwili ya kati. Mistari ya pembeni hupata nafasi na jua zaidi, inadanganya. Na mashina hayo usiyachague. Amua kanuni kabla hujafika: kwa mfano kuanzia shina la tatu, kila la tano, hadi yatimie kumi kwenye mistari yote miwili. Jicho la binadamu linavutwa na shina zuri, na ukiliachia huru litakuletea zizi la ng'ombe kama langu.

Andika pia ugonjwa, kwa alama za 1 hadi 9, ambapo 1 ni safi na 9 limekwisha: kutu, chule, madoa pembe na batobato. Mtu mmoja atoe alama za bloku nzima, maana watu wawili hawana jicho moja.

Hatua ya 5: Vuna, kausha, pima uzito

Vuna mistari miwili ya kati tu. Kila ploti na mfuko wake, kibao chake ndani na kingine nje. Pura ukiwa umetulia, ploti moja kwa wakati, na fagia turubai kabla ya inayofuata. Punje tatu za aina nyeupe zikiingia kwenye nyekundu utaziona, lakini nyekundu kwa nyekundu hutaziona kamwe.

Ukavu uwe sawa kabla ya mizani. Kama huna mashine ya kupima unyevu, tumia chumvi: weka chumvi kavu na maharage kwenye chupa kavu, funga, tikisa dakika kadhaa, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, maharage bado mabichi. Ikianguka chini huru, endelea. Halafu hesabu punje 100 bila kuchagua, pima, rudia mara tatu, chukua wastani. Mizani ya jikoni ya gramu moja inatosha kwa mavuno ya ploti. Kwa punje 100 azima ya sonara.

Hatua ya 6: Hesabu

Hapa wengi hukimbia, na sijui kwa nini, maana ni kujumlisha na kugawanya. Chukua sifa moja kwa wakati: aina 15 kwa ploti tatu ni namba 45. Lengo ni kuugawa mtawanyo wa namba hizo, yaani jinsi zinavyoachana, katika mafungu matatu: wa aina, wa bloku, na mabaki ambayo hayana mwenyewe.

Jumlisha namba zote 45, zidisha jumla hiyo kwa yenyewe, gawanya kwa 45. Liite Sahihisho. Sasa chukua kila namba, izidishe kwa yenyewe, jumlisha zote, toa Sahihisho: huo ni mtawanyo wote. Kisha chukua jumla ya kila aina (ploti zake tatu), izidishe kwa yenyewe, jumlisha za aina zote, gawanya kwa 3, toa Sahihisho: huo ni wa aina. Kwa bloku, fanya hivyohivyo kwa jumla za bloku, ila gawanya kwa 15. Toa wa aina na wa bloku katika wote, kinachobaki ni mabaki. Mwisho, gawanya wa aina kwa 14 na mabaki kwa 28. Utapata namba mbili: nitaziita A, ya aina, na M, ya mabaki. Excel au programu ya R, ambayo ni ya bure, itakupa zilezile kwa sekunde moja, lakini fanya kwa mkono mara moja maishani ili ujue zinatoka wapi.

Kwanza gawanya A kwa M. Kwa jaribio la ukubwa huu, jibu likiwa chini ya 2.1 hivi, simama. Tofauti ulizoziona za aina huenda ni bahati tu.

Likizidi, endelea:

Mtawanyo wa asili = (A − M) ÷ 3.
Mtawanyo unaoonekana = mtawanyo wa asili + M.
Urithikaji = wa asili ÷ unaoonekana × 100.

Tuchukue mfano wa kubuni. Uzito wa punje 100: wastani gramu 36, A ni 153, M ni 3. Mtawanyo wa asili ni 150 ÷ 3, yaani 50. Unaoonekana ni 53. Urithikaji ni asilimia 94.

Maganda kwa shina: wastani 12, A ni 30, M ni 12. Wa asili ni 6, unaoonekana 18. Urithikaji ni asilimia 33.

Ili kulinganisha gramu na maganda, tafuta kipeuo cha pili cha kila mtawanyo, gawanya kwa wastani, zidisha kwa 100. Kwa uzito wa punje: asili asilimia 19.6, unaoonekana 20.2. Karibu pacha. Kwa maganda: asili asilimia 20.4, unaoonekana 35.4. Angalia pengo hilo. Asili ya maganda inatofautiana kama ile ya uzito, ila shamba limemwaga vumbi lake juu yake. Kwa kawaida watafiti huita chini ya 10 kidogo, 10 hadi 20 wastani, zaidi ya 20 kubwa. Kwa urithikaji, chini ya 30 ni mdogo, zaidi ya 60 ni mkubwa.

Hatua ya 7: Soma majibu bila haraka

Je, tuache maganda kwa kuwa yana asilimia 33? Hapana. Ile 33 ni ya ploti moja moja. Wewe unachagua kwa wastani wa ploti tatu, na mabaki hupungua yakigawanywa kwa tatu: 6 ÷ (6 + 4), asilimia 60. Hiyo ndiyo faida ya bloku, na ndiyo sababu nilisema usizipunguze. Unaposoma ripoti ya mtu, uliza amehesabu ipi, maana wengine huandika namba bila kusema.

Sasa faida inayotarajiwa. Ukichagua aina tatu bora kati ya 15, yaani asilimia 20, kizidisho ni 1.40, na kwa kundi dogo kama hili hupungua kidogo. Zidisha 1.40 kwa kipeuo cha pili cha mtawanyo unaoonekana wa wastani wa ploti tatu (maganda 6 + 4 = 10, uzito 50 + 1 = 51), kisha kwa urithikaji wa wastani huo. Maganda: 1.40 × 3.16 × 0.60, kama maganda 2.7 kwa shina. Uzito wa punje 100: 1.40 × 7.14 × 0.98, kama gramu 9.8. Kwenye tasnifu nyingi utakuta kizidisho cha 2.06. Hicho ni cha kuchagua asilimia 5. Ukiwa na aina 15, asilimia 5 haifiki hata aina moja, basi usijipe matumaini ya watu wenye aina mia.

Mtu akiona gramu 9.8 atakimbilia punje kubwa. Taratibu. Mavuno ya shina ni maganda, mara punje kwa ganda, mara uzito wa punje, na shina halina akiba isiyoisha: likikuza punje, mara nyingi hupunguza maganda. Aina yenye punje kubwa inaweza kupendwa sokoni na bado ikashindwa kwenye debe. Mavuno yenyewe huwa na urithikaji mdogo kuliko uzito wa punje, kwa sababu kila kitu cha shamba kinayagusa. Mimi huangalia mavuno ya ploti kwanza, kisha maganda, halafu uzito wa punje uwe wa kutafuta bei tu.

Hatua ya 8: Rudia, kisha chagua

Msimu mmoja hautoshi. Ule mtawanyo uliouita wa asili umebeba pia tabia ya aina kupenda masika yale na ngazi zile. Rudia vuli, na kama mna mwanakikundi Soni na mwingine Lukozi, pandeni kote kuwili. Aina iliyoshika nafasi ya kwanza Soni na ya kumi na moja Lukozi ni aina ya Soni. Iacheni ibaki huko.

Mkishazipata tatu zenu, zizidisheni kwa matumizi yenu na majirani. Kuuza kama mbegu ni habari nyingine. Mbegu ya kuuza, hata ile ya daraja la kuazimiwa ambayo wakulima wadogo wanaruhusiwa kuzalisha, husimamiwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na inatakiwa iwe ya aina iliyosajiliwa. Kwa aina ya wenyeji iliyofanya vizuri, pelekeni daftari lenu kwa afisa ugani au kwa watafiti wa maharage wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kwenye vituo vyake vya Selian au Uyole. Pelekeni namba za kila ploti, si wastani peke yake. Na kabla hamjatoa gunia hata moja nje ya kijiji, wekeni kilo moja ya kila aina 15, hata zile zilizoshindwa, kwenye chupa zilizofungwa vizuri. Ile ya kumi na tano msimu huu inaweza kuwa ndiyo pekee isiyoguswa na chule mwaka mvua ikizidi.